Kwa Nini Tunanunua Tena Wimbo Tulio Nao?



Mwezi huu tunaanza na kisa kidogo. Mwenzetu mmoja katika kikundi cha akina mama kanisani kwetu alinunua albamu ya kwaya ambayo alikuwa amekwisha kuinunua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kanda, ikatafunwa na redio. Mara ya pili ilikuwa CD, watoto wakaifanya gurudumu la kuchezea hadi ikajaa mikwaruzo. Safari hii alilipia ili azipate nyimbo zile katika simu yake. Mumewe alipoona fedha imetoka, alimwuliza bila ugomvi, "Mama watoto, kuna jambo gani jipya humo ndani?" Mwenzetu akakosa la kusema. Hakuna jipya. Ni nyimbo zilezile, kwa sauti zilezile, na hata pale mwimbaji mmoja anapokohoa kidogo katikati ya ubeti wa tatu, bado anakohoa.

Alitueleza haya huku akicheka, lakini mwishoni akauliza kwa dhati, "Je, nilifanya ujinga? Fedha ile ingetosha kununua daftari za watoto."

Swali hili si dogo. Katika nyumba zetu kila shilingi ina kazi yake, na mama anayetoa fedha kwa kitu alichokuwa nacho tayari yafaa ajue sababu. Basi tumelitafakari, tumesoma kidogo, na tumekumbuka mambo tuliyoyaona katika kazi yetu ya uuguzi. Leo tunawaletea tuliyoyapata.

Hayuko peke yake

Kwanza tumtoe mwenzetu wasiwasi. Albamu zilizouzwa kuliko nyingine zote duniani ziliuzwa kwa njia hiyohiyo: watu walirudi dukani kufuata kitu walichokwisha kukisikia.

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako chama cha makampuni ya muziki, RIAA, hutoa vyeti kufuatana na mauzo. Mwaka 2018 chama hicho kilitangaza kwamba albamu iliyoongoza nchini humo ni ya kundi la Eagles, iitwayo Their Greatest Hits 1971–1975, iliyotoka Februari 1976. Cheti chake kilikuwa cha nakala milioni 38. Albamu ya Michael Jackson iitwayo Thriller, iliyotoka Novemba 1982, ilipewa cheti cha milioni 34 mwaka 2021.

Sasa angalia jambo la ajabu. Albamu ile ya Eagles haikuwa na wimbo mpya hata mmoja. Nyimbo zake zote kumi zilikuwa zimekwisha kutoka katika albamu nne za kundi hilo zilizotangulia. Kwa hiyo yule baba angewauliza wanunuzi wale swali lake, nao wangekosa la kusema kama mkewe.

Sababu moja ni nyepesi, nayo ni kubadilika kwa vyombo. Aliyekuwa na santuri alinunua kanda ili asikilize garini. Ilipokuja CD miaka ya 1980, akanunua tena. Leo wengi husikiliza kwa simu, na tangu mwaka 2016 chama kile huhesabu pia usikilizaji huo katika vyeti vya albamu: nyimbo zikisikilizwa mara 1,500 huhesabiwa kama albamu moja. Ndiyo maana tukiambiwa milioni 38, tusidhani kwamba ni nyumba milioni 38 tofauti. Nyumba nyingine zimo katika hesabu hiyo mara tatu, kama ya mwenzetu.

Lakini sababu hii haitoshi. Kila mmoja wetu ana kanda zilizochakaa na hakuzitafuta tena. Zilikufa, tukazisahau. Kwa nini nyingine tunazitafuta hadi tuzipate?

Wimbo ulioharibu kibao chake

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwimbaji Bing Crosby alirekodi wimbo wa Krismasi uitwao White Christmas. Santuri za siku zile zilifyatuliwa kutoka katika kibao cha asili, kama matofali yanavyofyatuliwa kwa kalibu. Watu waliitaka santuri ile mwaka baada ya mwaka hata kibao chenyewe kikaharibika kwa kutumiwa mno. Mwaka 1947 Crosby alirudi studio kuurekodi wimbo huo upya, akijitahidi uwe kama ule wa kwanza. Inakadiriwa kwamba nakala zaidi ya milioni 50 za wimbo huo zimeuzwa, na albamu yake ya Krismasi iliyoubeba, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1945, imeendelea kuuzwa kwa vizazi kadhaa.

Hapa tunaanza kupata mwanga. Crosby hakuambiwa aimbe kitu kipya. Aliambiwa arudie kilekile. Krismasi inarudi kila mwaka, na nyumba inataka kusikia kile ilichosikia mwaka jana, wakati bibi alipokuwa bado hai na watoto walikuwa wadogo. Wimbo umekuwa kama ile sufuria kubwa inayotolewa kabatini siku ya sikukuu. Haitolewi kwa kuwa ni mpya. Inatolewa kwa kuwa ndiyo inayopikiwa pilau ya siku ile.

Basi jibu letu la kwanza ni hili: albamu inayonunuliwa tena ni ile iliyopata kazi ya kufanya nyumbani.

Mama aliyebaki na mtoto mchanga

Tuwatazame sasa wanawake wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1942, nchini Marekani. Maisha yao yalikutana kwa njia ya nyimbo.

Wa kwanza ni Carole King. Aliolewa mapema, akazaa binti wawili, na kwa miaka mingi yeye na mumewe walitunga nyimbo zilizoimbwa na watu wengine. Ndoa ile ilivunjika mwaka 1968, naye akahamia California pamoja na binti zake. Mwaka 1971 alitoa albamu aliyoiimba mwenyewe, Tapestry. Picha ya jalada lake inamwonyesha ameketi nyumbani karibu na dirisha, miguu mitupu, na paka yuko mbele yake. Hakuna mapambo makubwa. Sauti yake nayo haikuwa ya kutisha watu, ilikuwa kama ya jirani anayeimba akiosha vyombo.

Albamu hiyo ilikaa nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa majuma 15, na ikabaki katika orodha ya zinazouzwa sana kwa zaidi ya majuma 300. Machi 1972 ilimpatia tuzo nne za Grammy. Hakwenda kuzipokea. Alikuwa amejifungua mtoto wa tatu miezi michache tu iliyotangulia, akaona heri abaki nyumbani na mtoto wake. Wengi wetu tunamwelewa bila kuelezwa.

Wanawake waliinunua albamu ile, wakawapa dada zao na baadaye binti zao. Miongoni mwa nyimbo zake umo You've Got a Friend, unaomwambia aliye katika shida kwamba aite tu, rafiki yake atakuja. Je, nani kati yetu hajawahi kutaka kuambiwa hivyo saa nane ya usiku, mtoto ana homa na baba yuko safarini? Neno hilo halichakai kwa kuwa shida yenyewe hairudi mara moja tu.

Usiku mbili kanisani Los Angeles

Mwanamke wa pili ni Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit. Mama yake alifariki mwaka 1952, Aretha akikaribia kutimiza miaka kumi. Yeye mwenyewe akawa mama angali mtoto: mwanawe wa kwanza alizaliwa mwaka 1955, Aretha akiwa na miaka 12. Bibi yake na ndugu zake walimsaidia kulea. Hatutaji hayo kwa kumdharau. Tunayataja kwa sababu binti wa namna hii yumo katika makanisa yetu pia, na mara nyingine tunamtazama kwa jicho kali kuliko la Yesu.

Mwaka 1972 Aretha alikuwa mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za dunia, mwenye watoto wanne wa kiume. Mojawapo ya nyimbo zilizompa sifa, mwaka 1967, ilikuwa imetungwa na yuleyule Carole King na mumewe. Angeweza kuendelea hivyo. Badala yake, tarehe 13 na 14 Januari 1972, akiwa na miaka 29, aliingia katika kanisa la New Temple Missionary Baptist mjini Los Angeles, jengo lililokuwa zamani ukumbi wa sinema, akaimba nyimbo za Injili mbele ya waumini pamoja na kwaya ya Southern California Community Choir. Aliyeongoza ibada na kupiga piano ni Mchungaji James Cleveland, ambaye alimfahamu Aretha tangu utotoni.

Albamu iliyotokana na usiku zile mbili ilitoka Juni mwaka huohuo. Inaitwa Amazing Grace, yaani Neema ya Ajabu, kwa jina la wimbo ulioandikwa na John Newton wa Uingereza, nahodha wa zamani wa meli za watumwa aliyetubu na kuwa mchungaji. Wimbo huo peke yake unakaribia dakika kumi na moja katika albamu ile. James Cleveland alishindwa kuendelea kupiga piano, akaketi na kulia, uso wake ameufunika kwa kitambaa.

Nyimbo za dunia zilimpa Aretha umaarufu na fedha, lakini albamu yake iliyouzwa kuliko zote ni hii ya kanisani. Marekani peke yake imepita nakala milioni mbili. Mwaka 1999 ilitolewa upya ikiwa na nyimbo zote za usiku zile mbili, watu wakanunua tena. Filamu iliyopigwa kanisani ilikaa bila kuonyeshwa kwa miaka mingi, kwanza kwa sababu sauti na picha hazikuweza kulinganishwa, kisha kwa sababu Aretha mwenyewe aliipinga mahakamani. Ilionyeshwa mwishoni mwa mwaka 2018, baada ya yeye kufariki Agosti. Katika filamu hiyo, baba yake anainuka na kumpangusa jasho usoni, naye anaendelea kuimba. Kumbe hata malkia wa nyimbo ni mtoto wa mtu.

Katika albamu hiyo Aretha aliunganisha nyimbo mbili ziwe mmoja. Wa kwanza ni ule wa Carole King tulioutaja, wa rafiki anayeitwa naye akaja, lakini sasa rafiki huyo ni Bwana Yesu. Wa pili unaitwa Precious Lord, Take My Hand. Huu wa pili una habari ambayo sisi wauguzi hatuwezi kuipita.

Wimbo uliotoka katika uzazi

Agosti mwaka 1932, mwanamuziki Thomas Dorsey alisafiri kutoka Chicago kwenda St. Louis kuimba katika mikutano ya Injili. Alimwacha nyumbani mkewe, Nettie, akiwa na mimba iliyofikia siku zake. Akiwa mkutanoni aliletewa simu ya maandishi: mkewe amefariki katika kujifungua. Alirudi haraka akamkuta mtoto wa kiume, mzima. Muda mfupi baadaye mtoto naye akafariki. Mama na mwana wakazikwa pamoja.

Dorsey alivunjika moyo, akaona kwamba Mungu amemtendea vibaya. Alifikiri kuacha kabisa nyimbo za Injili na kurudi katika muziki wa vilabu aliokuwa akiupiga zamani. Lakini siku moja, ameketi kwenye piano na rafiki yake karibu, alianza kupiga tuni ya wimbo wa zamani wa kanisa, na maneno yakamjia: ya mtu aliyechoka, anayemwomba Bwana amshike mkono amwongoze. Huo ndio wimbo wenyewe.

Angalieni jinsi ulivyotembea. Dorsey aliongoza kwaya katika kanisa la Pilgrim Baptist mjini Chicago, na miongoni mwa watoto walioimba hapo alikuwa James Cleveland, yuleyule wa Los Angeles. Martin Luther King aliuomba wimbo huo upigwe jioni ile aliyouawa mwaka 1968, na katika mazishi yake uliimbwa na Mahalia Jackson. Mahalia alifariki tarehe 27 Januari 1972, majuma mawili tu baada ya usiku zile za Los Angeles, na aliyeuimba katika mazishi yake ni Aretha Franklin.

Machozi ya baba mmoja mwaka 1932 yamewafuta machozi watu wasiohesabika. Nasi tunaweza kusema jibu letu la pili: albamu inayonunuliwa tena ni ile ambayo watu waliolia kabla yetu wametuachia kitu ndani yake.

Tuliyoyaona wodini

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani na ya wakubwa tu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Mama mmoja alijifungua mtoto ambaye tayari alikuwa amefariki. Tulimhudumia mwili kama tulivyofundishwa. Tulipofika kwenye maneno, hatukuwa nayo. Dada yake akaweka simu juu ya mto, ikawa inaimba albamu ya kwaya kwa sauti ya chini. Wimbo mmoja ulipokwisha, mama yule alinyoosha kidole, dada yake akaurudisha. Uliimbwa usiku kucha, wimbo uleule. Tulitaka kuwaambia wapunguze kwa ajili ya wagonjwa wengine, lakini mgonjwa wa kitanda cha pili akatuzuia kwa mkono. Alfajiri tulimsikia yule mama akimtaja mtoto wake kwa jina alilokuwa amemwandalia.

Mwaka uliofuata alikuja kliniki akiwa na mimba nyingine. Katika maongezi alisema simu yake iliibiwa, na jambo la kwanza alilofanya alipopata nyingine, hata kabla ya kutafuta namba za ndugu, ni kuinunua albamu ile. Tulimwuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu hakukaa nyumbani kwangu hata siku moja. Alikaa ndani ya wimbo ule. Nikiupoteza, nitamtembelea wapi?"

Tulitoka chumbani tukajifanya tunatafuta faili.

Wataalamu nao wana maelezo yao. Kitu tunachokisikia mara nyingi tunazidi kukizoea na kukipenda, na nyimbo tulizozishika ujanani ni miongoni mwa mambo ya mwisho kututoka. Tumewaona wazee waliosahau majina ya watoto wao wakiimba tenzi beti zote bila kitabu. Utafiti pia umeonyesha kwamba muziki huwapunguzia wagonjwa wasiwasi kabla ya upasuaji. Lakini yule mama wa kliniki alilisema vizuri kuliko vitabu vyetu.

Na Biblia ilikwisha kutuonyesha. Katika 1 Samweli sura ya 16 tunasoma jinsi Daudi alivyompigia Sauli kinubi. Mara nyingi tunasahau kwamba hakupiga mara moja tu. Kila taabu ile ilipomrudia Sauli, Daudi alikichukua kinubi tena. Hatusomi kwamba Sauli alimwuliza kama ana wimbo mpya.

Lakini tuwe na busara

Pamoja na hayo, mama mwenye hekima hanunui kila kinachouzwa. Tuna mambo manne ya kukumbushana.

La kwanza ni fedha. Wauzaji wanajua udhaifu wetu. Hutoa albamu ileile ikiwa na jalada jipya na wimbo mmoja wa kuongeza, tulipe bei nzima. Kabla ya kununua tena, jiulize: je, niliitumia ile ya kwanza hadi ikaisha, au iko tu ndani ya droo? Iliyochakaa kwa matumizi yastahili kununuliwa tena. Iliyokaa bila kusikilizwa, hata ikija mpya itakaa vilevile. Na baba ashirikishwe kabla, si baada. Daftari za watoto zitangulie.

La pili ni haki. Nakala ya wizi ni rahisi, lakini tunapoinunua, waliotunga na kuimba hawapati kitu. Wengi wao ni mama kama sisi, wanaoacha watoto nyumbani kwenda mazoezini jioni. Tukiimba juu ya haki ya Mungu kwa kanda ya wizi, tunajichanganya wenyewe.

La tatu ni watoto. Kuuzwa sana si ushahidi wa wema. Zimeuzwa kwa mamilioni albamu zenye maneno ambayo hatungependa binti zetu wayatamke. Kinachorudiwa nyumbani ndicho kitakachobaki kichwani mwa mtoto atakapokuwa mzee, kama tulivyoona kwa wale wazee wetu. Kwa hiyo tusikilize pamoja nao, tuwaulize wimbo unasema nini, na tusiwe wepesi wa kuzima redio kwa hasira bila maelezo. Aliyekatazwa bila kuelezwa atausikiliza kwa jirani.

La nne tunalisema kama wauguzi. Wimbo humfariji aliyebaki, haumrudishi aliyekwenda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani kote kwa sababu za mimba na uzazi, na wengi wao wangeweza kuokolewa. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, ajifungulie kwenye huduma, na familia ipange usafiri na fedha kabla siku hazijafika. Nettie Dorsey alituachia wimbo mzuri, lakini tungependa zaidi angeishi akamlea mwanawe. Vilevile, mama aliyefiwa na mtoto akipita majuma mawili hali, halali, au anasema hana haja ya kuishi, mwacheni na wimbo wake, lakini mpelekeni pia kituo cha afya. Mungu anatumia vyote viwili.

Jibu la mwenzetu

Tulimrudia yule mwenzetu wa mara ya tatu. Hatukumwambia habari za Aretha wala za Dorsey. Tulimwuliza tu, "Albamu hii iliingia lini nyumbani kwenu?"

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema iliingia mwaka ule mama yake mzazi alipokuja kwake kuuguzwa. Aliugua miezi minane. Kila alasiri, baada ya kuogeshwa, alitaka afunguliwe kanda ile. Kila mara yule mwimbaji alipokohoa katika ubeti wa tatu, mama alicheka kwa shida na kusema, "Haya, na huyu naye ana kifua kama mimi."

"Kumbe ndicho nilichonunua," mwenzetu akasema. "Nilinunua kile kikohozi."

Tukamwambia aende akamweleze mumewe maneno hayohayo. Alikwenda. Juma lililofuata alitueleza kwamba baba yule hakusema kitu. Alichukua simu, akautafuta ubeti wa tatu, wakausikiliza pamoja. Daftari zilinunuliwa mwisho wa mwezi.

Basi, mama mwenzetu, jioni moja wiki hii kaa na watoto wako, uwaambie ni wimbo upi ulikuwa wa bibi yao, na kwa nini. Waimbieni pamoja hata kama sauti imekwaruza. Nao siku moja watautafuta kwa fedha yao wenyewe, na wakiulizwa kuna jipya gani humo, watakuwa na la kujibu.

Hadi mwezi ujao, Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.